Jamaa aliyeifundisha damu kuongea

SIKU hizi ukitaka kuwasha moto kijiweni huna haja ya kumtukana mtu. Tamka tu herufi tatu, DNA, halafu kaa pembeni uangalie. Kidume kimoja kitameza mate, sista duu mmoja atajifanya anasoma meseji, na mzee fulani ataanza kukohoa wakati kifua chake ni kizima kabisa. Hizo herufi tatu zimevunja ndoa, zimegawa nyumba za urithi, zimewatupa watu jela maisha, na zimewatoa wengine ndani wakiwa wameshakata tamaa.

Nilichogundua ni kwamba karibu kila mtu hapa mjini anaijua DNA, lakini ukiuliza nani aliyeigeuza kuwa shahidi mahakamani, wote wanakodoa macho. Vijana wanaowajua wacheza mpira wa Uingereza mpaka namba za viatu, Mwingereza huyu hawamjui. Anaitwa Alec Jeffreys. Kwa mambo aliyoyafanya nashangaa sijaona hata fulana moja yenye sura yake pale Kariakoo.

Dogo mtundu

Jeffreys alizaliwa Oxford, Januari 9, 1950. Dingi yake alipoona dogo ana maswali mengi, akampa hadubini na seti ya kemikali akiwa na miaka minane. Weee! Dogo akachezea asidi ya salfa, ikamrukia usoni na kumwachia kovu. Zile ndevu unazoziona kwenye picha zake msidhani ni usela, zinafunika alama ya asidi. Siku nyingine akaokota paka aliyekufa, akampasua juu ya meza ya chakula, Jumapili, kabla ya watu kula cha mchana. Utumbo ukapasuka na nyumba nzima ikanuka. Kwetu hapa mtoto wa namna hiyo angepelekwa kwa mganga siku ileile. Wazazi wake walimwacha aendelee.

Akasoma Oxford mpaka akapata udaktari wa falsafa, akaenda Amsterdam, na mwaka 1977 akiwa na mwenzake Richard Flavell wakaonyesha kwamba jeni la mnyama halikai kwenye mstari mmoja ulionyooka. Limekatwakatwa, katikati kuna vipande visivyotumika. Mwaka huohuo akahamia Chuo Kikuu cha Leicester, mji ambao wengi wetu tumekuja kuujua kwa sababu ya timu yake ya mpira kutwaa ubingwa mwaka 2016.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo panaponifurahisha mimi. Huyu jamaa hakuwa akimtafuta mwizi wala muuaji. Alikuwa anatafuta jeni linalotengeneza ile protini inayotunza oksijeni kwenye misuli. Akaagiza nyama ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi, kwa sababu sili anazama muda mrefu na misuli yake imejaa hiyo protini. Alipolipata jeni hilo na kuliangalia la binadamu, akakuta ndani yake kijipande kifupi kinachojirudia, kinajirudia, kinajirudia, kama santuri iliyokwaruzika. Vijipande vinavyofanana nacho vimetapakaa sehemu nyingi za DNA yetu, na idadi ya kujirudia inatofautiana kati ya mtu na mtu.

Saa 3:05 asubuhi

Jumatatu ya Septemba 10, 1984, saa 3 na dakika 5 asubuhi, Jeffreys akatoa filamu ya eksirei kwenye dawa ya kusafishia picha. Juu yake kulikuwa na mistari ya DNA ya fundi wake wa maabara pamoja na baba na mama wa fundi huyo, na pembeni wanyama kadhaa na hata tumbaku. Mwanzoni aliona vurugu tupu. Halafu akaona. Kila kiumbe kilikuwa na mistari yake, kama ile mistari ya kwenye pakiti ya sabuni inayosomwa na mashine ya dukani. Na kila mstari wa mtoto ulikuwa unapatikana ama kwa mama ama kwa baba.

Hebu soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo hiyohiyo inayowafanya watu wakohoe kijiweni. Mstari wa mtoto usipopatikana kwa mama, lazima uwe kwa baba. Usipokuwa kwa baba anayesomesha, basi kuna baba mwingine mahali fulani.

Jamaa akapagawa. Kwa siku mbili alikuwa anajichanja na kuacha matone ya damu huku na huko maabara, ayaache yakauke, apime kama DNA bado inasomeka. Ilisomeka. Yeye na wenzake wakawa wanaorodhesha matumizi: wahalifu, uzazi, mapacha. Jioni akamsimulia mkewe, Sue. Mama wa watu akamwambia kuna jambo umelisahau: kesi za uhamiaji. Na ndiyo iliyokuja kwanza. (Kinamama, hapo mnaruhusiwa kupiga kigelegele.)

Kijana wa Ghana

Kulikuwa na familia ya Kighana pale London. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Uingereza, akaenda kuishi Ghana, na akiwa na umri wa miaka 13 akarudi kwa mama yake. Uwanja wa ndege wakasema pasipoti ina walakini. Hatukutambui, huenda wewe ni mtoto wa shangazi au mama mdogo unapachikwa hapa. Wakataka arudishwe.

Vipimo vya damu vya wakati ule vilisema kweli, huyu kijana na huyu mama ni ndugu. Lakini ndugu wa namna gani? Mama na mwana, au mama mdogo na mpwa? Damu ilikuwa bubu. Mwanasheria wa familia akasoma habari za Jeffreys gazetini, akamwandikia barua.

Tatizo ni kwamba baba hakupatikana kupimwa. Jeffreys akawapima mama, kijana na watoto wengine watatu wa mama huyo. Kwa mistari ya hao watatu akatengeneza picha ya baba asiyekuwepo: kila mstari wao ambao mama hana, ni wa baba. Alipomweka kijana pembeni, mistari yake ikagawanyika sawasawa, mingine ya mama, mingine ya baba yule yule. Mwaka 1985 serikali ikaachana na kesi na kijana akabaki kwa mama yake.

Mimi nasema hivi: watu wanapenda kusimulia DNA iliyomfunga fulani, lakini kazi yake ya kwanza kabisa duniani ilikuwa kumrudisha mtoto wa Kiafrika kwa mama yake mzazi. Baada ya hapo familia nyingi za wahamiaji zilipimwa na kushinda.

Aliyekiri asichokifanya

Karibu na Leicester kuna vijiji viwili, Narborough na Enderby. Novemba 1983 msichana wa miaka 15 alibakwa na kunyongwa huko. Julai 1986, mwingine wa umri uleule, kwa staili ileile. Wananchi wakawa hawalali. Polisi wakamkamata kijana wa miaka 17, mfanyakazi wa jikoni hospitalini, naye baada ya kuhojiwa akakiri kumuua msichana wa pili. Wa kwanza akakataa katakata.

Polisi wakajua wanaye mtu wao, wanataka tu amalizie na la kwanza. Wakampelekea Jeffreys sampuli. Majibu yakatoka kama kofi: wasichana wote wawili wameshambuliwa na mwanaume mmoja, na mwanaume huyo si kijana huyu. Jeffreys alipima tena na tena akidhani mitambo yake imekosea. Novemba 1986 kijana akaachiwa. Akawa mtu wa kwanza duniani kusafishwa kesi ya mauaji na DNA.

Fikiria, mshikaji. Mtu amekiri kwa kinywa chake. Hapo zamani ingekuwa imekwisha. Kwa nini mtu akiri kosa ambalo hakulifanya? Ukishawahi kukaa na aliyehojiwa usiku kucha hutaniuliza.

Januari 1987 polisi wakaja na mpya. Wakawaita wanaume wa vijiji vile watoe damu au mate kwa hiari. Karibu wanaume 5,000 wakapimwa. Matokeo: sifuri. Watu wakaanza kucheka, eti teknolojia ya bei mbaya imetoka kapa.

Kumbe! Agosti 1987, mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha mikate, akiwa baa, bia zimekolea, akaropoka kwamba alikwenda kutoa damu kwa niaba ya mwenzake wa kazini. Mwenzake huyo alimchomekea picha kwenye pasipoti na kumtuma. Mwanamke aliyesikia akakaa na hiyo siri ikamla, mwishowe akaenda polisi. Septemba 1987 muoka mikate Colin Pitchfork akatiwa mbaroni, DNA yake ikaoana na ile ya wasichana wote wawili, akakiri, na Januari 1988 akafungwa maisha. Muuaji wa kwanza kunaswa kwa vinasaba, na aliyemchoma ni mlevi wa baa. Alikaa ndani mpaka Septemba 2021 alipotolewa kwa masharti, na Novemba mwaka uleule akarudishwa sero.

Baada ya hapo Jeffreys akawa staa. Mwaka 1992 kipimo chake kilithibitisha kwamba mifupa iliyofukuliwa Brazil mwaka 1985 ilikuwa ya Josef Mengele, yule daktari katili wa kambi ya Auschwitz, aliyekufa maji mwaka 1979 bila kufikishwa mahakamani. Walilinganisha na damu ya mwanawe. Mwaka 1994 malkia akampa Jeffreys cheo cha Sir. Mwaka 1995 Uingereza ikafungua kabati la taifa la DNA za wahalifu.

Na hapo ndipo nilipompenda zaidi, maana akaanza kupishana na serikali. Kabati likawa linajaa hata watu waliokamatwa na kuachiwa bila hatia. Sir Alec akasema hapana, hao hawatakiwi kuwemo. Desemba 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikatoa hukumu dhidi ya Uingereza kwa jambo hilohilo. Kwa wanaouliza, kwetu Tanzania tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Huwezi kumnyofoa mtoto unywele ukaenda nao kimyakimya kumpima kisa mdomo wake hukuuelewa. Maombi yanapitia kwa watu waliotajwa na sheria, kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Najua wapo waliosonya hapo.

Mwanamke asiyekuwepo

Kabla hujasema DNA haikosei, ngoja nikupe ya Ujerumani. Kwa miaka mingi polisi wa huko, pamoja na wa Austria na Ufaransa, walimtafuta mwanamke mmoja hatari kuliko shetani. DNA yake ilikutwa sehemu kama 40 za uhalifu: mauaji, wizi wa magari, uvunjaji wa nyumba. Aprili 2007 polisi wa kike aliuawa mjini Heilbronn, DNA ya mwanamke yuleyule ikawepo. Zawadi ikafika yuro 300,000. Mwaka 2009 wakapima sampuli inayohusu maiti ya mwanaume aliyeungua, ikatoka DNA ya mwanamke. Hee, marehemu kageuka jinsia?

Mwanamke alikuwepo kweli, ila alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufungashia vile vijiti vya pamba ambavyo polisi wanafutia sampuli. Vijiti vilisafishwa vijidudu, lakini DNA ya mikono yake ilibaki. Wauaji halisi wa yule polisi walikuja kujulikana mwaka 2011: genge la wafuasi wa Hitler. Wakati dunia inamsaka mama wa kiwandani, wao walikuwa wanatesa tu mitaani.

Kutoka 'nani' mpaka 'wa namna gani'

Mtindo wa Jeffreys una mpaka. Unalinganisha mstari na mstari. Kama mtu wako hayumo kwenye kabati, umekwama. Hapo anaingia mwanasayansi wa kizazi kilichofuata, Mjerumani Manfred Kayser, ambaye tangu 1997 ametoa kazi kubwa kuhusu kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika. Mwaka 2004 akahamia Rotterdam, Uholanzi. Mwaka 2011 yeye na wenzake wakatoa kipimo kinachosoma sehemu sita tu za DNA na kusema kama mwenye damu ana macho ya bluu au ya kahawia. Kwetu hakina maana sana, najua, wote tuna kahawia. Ulaya ni habari nyingine.

Uholanzi walikuwa na sababu. Mwaka 1999 msichana wa miaka 16 aliuawa kijijini kaskazini mwa nchi hiyo, na wanakijiji wakaelekeza vidole kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani. Mgeni ndiye mbaya, si mnajua? DNA ikaashiria kwamba muuaji ana asili ya Ulaya ya magharibi. Mwaka 2003 nchi ikapitisha sheria inayoruhusu kusoma asili na sura ya mtu kwenye DNA ya tukio. Mwaka 2012 wanaume zaidi ya 8,000 wa eneo lile wakaitwa kupimwa kromosomu Y, na mwenyewe akaenda kutoa yake. Alikuwa mkulima, mzaliwa wa palepale, anaishi kilometa chache tu kutoka eneo la tukio. Wakimbizi walikuwa wamebeba zigo lake kwa miaka 13.

Sasa mapacha. Pacha wa yai moja wana DNA moja. Mwaka 2013 polisi wa Marseille, Ufaransa, waliwakamata mapacha wawili kwa kesi za ubakaji. DNA ikasema ni wao. Yupi? Kipimo cha kawaida kikanyamaza kama yule damu bubu wa mwanzo.

Hapa ndipo penye epijenetiki, neno gumu lakini mambo yenyewe rahisi. Seli ya jicho lako na ya ini lako zina DNA ileile. Tofauti ni swichi zipi zimewashwa. Mwili unabandika vijidude viitwavyo methili juu ya DNA kuzima baadhi ya swichi, kama mwenye nyumba anayebandika plasta kwenye swichi ili wapangaji wasipige pasi. Plasta hizo zinabandikwa na kubanduka kwa umri, chakula, sigara na maradhi. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania walichunguza jozi 40 za mapacha wa namna hiyo, umri kuanzia miaka 3 mpaka 74. Watoto walikaribia kufanana plasta zao. Wakubwa, hasa walioishi maisha tofauti, walitofautiana sana.

Basi Kayser na mwenzake Athina Vidaki wakaichukua njia hiyo kuipeleka kwenye upelelezi. Plasta zinaweza kusema kama doa ni damu, mate au manii, jambo ambalo kwenye kesi ya ubakaji linaweza kugeuza kila kitu. Mwaka 2019 kundi la Rotterdam lilionyesha kwamba tone la damu linaweza kueleza kama mwenyewe anavuta sigara. Wewe unayemdanganya bi mkubwa kwamba ni moshi wa daladala, jiandae.

Kubwa kuliko yote ni umri. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Los Angeles alitoa saa yake: sehemu 353 za DNA, ukizisoma plasta zake unapata miaka ya mtu. Makosa ya katikati yalikuwa kama miaka 3.6, yaani nusu ya waliopimwa ilikosewa kwa chini ya hapo na nusu kwa zaidi. Kwa mpelelezi anayetafuta mtu asiyejulikana, hiyo ni dhahabu: tafuta mzee, achana na vijana.

Ila tusisahau ile kaunta ya uhamiaji. Kijana anafika Ulaya bila cheti, anasema nina miaka 17. Ofisa anasema una 20. Chini ya 18 anapewa mlezi na shule, juu ya hapo anaweza kurudishwa alikotoka. Mwaka 1985 Jeffreys aliulizwa huyu ni mwana au mpwa, akaweza kujibu. Huyu wa leo ukimpima kwa saa ya Horvath ikasema 19, kwa makosa yaleyale anaweza kuwa na 16 na anaweza kuwa na 22.